Thina, pakiti ya maziwa na ngozi inayokaza

Kwenye karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, pakiti ya maziwa inahesabiwa kuwa kifaa cha kazi, sawa na msasa na kompresa. Anayepuliza vanishi akimaliza kitanda cha mwisho anakata kona ya pakiti kwa meno, anakunywa kwa mkupuo, kisha anafuta mdomo kwa mkono uleule aliousafisha kwa thina dakika mbili zilizopita. Ukimuuliza atakwambia maziwa yanakamata sumu kabla haijafika mbali.

Mmoja wao ndiye aliyenipa swali la makala hii. Mwenzao waliyepuliza naye rangi zaidi ya miaka kumi alikuwa ameacha kazi. Vidole vyake vilianza kupauka asubuhi za baridi, baadaye ngozi ya mikono ikakaza mpaka akawa hawezi kukunja ngumi, na mwisho hata tonge likawa linagoma kushuka. Hospitali walimwandikia neno geni: skleroderma. Mtaani kila mtu alikuwa na jina lake. Kuna waliosema ukoma, kuna waliosema amechezewa, na kuna waliosema thina imemwingia kwenye damu.

"Sasa sisi tushike lipi?" fundi aliniuliza. "Ni thina au si thina?"

Ndani ya swali hilo mna maswali mawili, na mkanganyiko unakuja pale watu wanapoyajibu kwa mpigo mmoja. La kwanza: je, kufanya kazi na kemikali za aina ya thina kunaongeza uwezekano wa kupata ugonjwa huu? La pili: je, ugonjwa wa bwana huyu umetokana na thina? La kwanza sayansi inalijibu vizuri kuliko wengi wanavyodhani. La pili hakuna kipimo cha damu popote duniani kinachoweza kulijibu. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuelewane kwenye majina.

Majina matatu

Kiyeyushi ni kimiminika kinacholegeza kitu ambacho maji yameshindwa: rangi ya mafuta, gundi, grisi, vanishi. Kikishamaliza kazi hiyo, chenyewe kinapaa. Ni kama mchukuzi wa sokoni: anakubebea gunia, analitua mlangoni, anaondoka zake. Ukutani inabaki rangi, kwenye soli inabaki gundi, na mchukuzi haonekani tena. Ila huyu mchukuzi, akiondoka, njia yake inapita kwenye mapafu ya aliye karibu.

Thina ni kiyeyushi, na aghalabu ni mchanganyiko wa kadhaa: toluini, zailini, asetoni na wengineo, kwa vipimo vinavyotofautiana kutoka kopo hadi kopo. Petroli ya kuoshea vipuri ni kiyeyushi. Tapentaini pia, na kile kinachonukia kwenye gundi ya viatu. Viwandani kuna trikloroethilini, iliyotumika miaka mingi kuondoa grisi kwenye vyuma, na ndugu yake perikloroethilini, inayosafisha suti kwenye drai klina. Kumbuka kwamba "kiyeyushi" ni jina la kazi tu, kama "dereva". Mmoja anaendesha bajaji, mwingine treni, na ajali zao hazifanani. Ndiyo maana anayesema "viyeyushi vinasababisha ugonjwa fulani" inabidi aulizwe: viyeyushi gani?

Jina la pili ni tishu unganishi. Ukichuna mbuzi unaona utando mweupe kati ya ngozi na nyama, na ule mshipa mgumu ambao hata ukiuchemsha hadi jioni hautafuniki vizuri. Ndiyo hiyo. Ni kamba na saruji ya mwili, inashikilia kila kiungo mahali pake, na malighafi yake kuu ni protini inayoitwa kolajeni. Ipo kwenye ngozi, kwenye kuta za mishipa ya damu, kwenye koo la chakula, kwenye mapafu, kwenye figo. Ugonjwa unaoshika tishu hii hauchagui chumba cha nyumba.

Jina la tatu ndilo refu: magonjwa ya kinga kujishambulia. Kinga iliyokusudiwa kupambana na vijidudu inaugeukia mwili wenyewe. Lupasi, unaoweza kushika ngozi, viungo na figo, ni mmoja wa ukoo huo. Aina moja ya baridi yabisi imo, ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na mdomo umo, na skleroderma imo. Neno skleroderma lina asili ya Kigiriki na maana yake ni ngozi ngumu, jina linaloficha nusu ya habari, kwa sababu kinachoua wagonjwa hawa mara nyingi ni mapafu yaliyojaa makovu, wala si ngozi.

Na hapa niwajibu wale wa ukoma. Ukoma unaletwa na bakteria na unatibika kabisa kwa dawa. Mabaka yake hupoteza hisia: unachomwa sindano, husikii. Mwenye skleroderma anasikia, tena anasikia mno. Ncha za vidole zinauma na wakati mwingine zinatoka vidonda. Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu huweza kuacha madoadoa meupe yenye nukta nyeusi katikati, madaktari huyafananisha na chumvi na pilipili, na nadhani ndiyo yanayowachanganya watu. Hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja.

Dalili ya kwanza kwa wengi ni vidole kubadilika rangi kwenye baridi. Huitwa hali ya Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1862. Si lazima uwe Makete au Limuru. Chupa ya soda kutoka kwenye friji inatosha. Mishipa midogo inabana, kidole kinapauka, kinageuka rangi ya samawati, kisha damu ikirudi kinawaka moto. Kwa mtu mweusi mabadiliko hayo tazama upande wa kiganja na chini ya kucha. Lakini usikimbilie kujipa ugonjwa: watu wengi wenye hali hii, hasa wasichana, hawana kitu kingine chochote na hawatakuwa nacho. Hata grenda inayotetemeka mkononi kutwa nzima inaweza kuleta vidole vyeupe kwa njia yake yenyewe. Inapotakiwa kukushtua ni pale inapoanza ukubwani, ikiwa na vidole vilivyovimba kama soseji, kiungulia kisichoisha, au pumzi inayokata kwenye ngazi ulizokuwa unazipanda bila kufikiri.

Mwenyeji aliyepakwa rangi

Kemikali inawezaje kuigeuza kinga? Iliyochunguzwa zaidi ni trikloroethilini. Ini linapojaribu kuivunja ili itoke mwilini, linazalisha vipande vyenye tabia ya kunata kwenye protini zetu wenyewe. Protini iliyonatwa si ileile tena kwa sura.

Fikiria sungusungu wa mtaani. Wanamjua kila mwenyeji. Usiku mmoja jirani yao anarudi kutoka kazini, uso mzima umejaa rangi ya sprei. Hawamtambui, filimbi inalia, fimbo zinashuka. Kesho yake amenawa, sura yake imerudi, lakini wale walinzi wameshakariri umbo lake na mwendo wake kama wa mwizi. Wanaendelea kumwinda bila rangi. Panya wa maabara wenye mwelekeo wa asili wa magonjwa haya, wakinyweshwa maji yenye trikloroethilini, kinga yao huanza kuushambulia mwili mapema kuliko wenzao waliokunywa maji safi.

Kwenye skleroderma fimbo za mwanzo huangukia mishipa midogo ya damu. Ukuta wa ndani unajeruhiwa, mwili unaita mafundi wa ukarabati, nao wanaanza kumwaga kolajeni. Hili ni jambo jema ukiwa umejikata kisu. Tatizo ni kwamba hapa hakuna anayewaambia waache. Ni fundi wa plasta aliyepiga koti la kwanza, la pili, la tano, mpaka chumba kimekuwa chembamba na mlango haufunguki. Ngozi inakaza, mdomo unakuwa mdogo, koo la chakula linapoteza msukumo wake.

Si kila anayevuta mvuke anafika huko. Kuna urithi fulani wa jeni unaomfanya mtu awe mwepesi kuangukia upande huu, ingawa ugonjwa wenyewe haurithiwi moja kwa moja kama selimundu. Wanawake wanaupata zaidi ya wanaume, mara tatu au nne. Na huko Marekani imeonekana kwamba watu weusi huanza wakiwa vijana zaidi na huumia zaidi.

Jiwe lilitangulia

Kisa hiki hakikuanza na rangi. Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh, Scotland, aliandika kuhusu wagonjwa wachache wa skleroderma aliowaona, akastaajabu kwamba miongoni mwao wachonga mawe walikuwa wengi kupita kiasi. Mwaka 1957 daktari Erasmus wa Afrika Kusini akaandika kuhusu ugonjwa huohuo kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, migodi ileile iliyokuwa ikichukua vijana wa kusini mwa Tanganyika kupitia Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi hiyo. Mtuhumiwa wao wote wawili alikuwa vumbi la silika, lile linaloruka jiwe linapopasuliwa. Mpaka leo ushahidi wa silika ni mzito kuliko wa thina. Anayekata granaiti ya jikoni bila maji, au anayepiga mwamba Mererani, asisome makala hii akadhani inawahusu wapaka rangi peke yao.

Kisha ikaja plastiki. Kwenye viwanda vya PVC, plastiki ya mabomba, palikuwa na kazi ya kuingia ndani ya matangi makubwa na kukwangua mabaki. Miaka ya 1960 ikaonekana kwamba waliofanya kazi hiyo vidole vyao vinapauka, ngozi ya mikono inanenepa, na mifupa ya ncha za vidole inayeyuka. Gesi iliyohusika, vainili kloridi, ilipata sifa mbaya zaidi mwaka 1974, ilipogundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Louisville, Kentucky, walikuwa wakifa kwa saratani ya ini ambayo kwa kawaida daktari anaweza kustaafu bila kuiona. Lakini kwa habari yetu cha maana ni vile vidole. Pale ndipo wengi walipokubali kwamba kemikali ya kazini inaweza kuzaa ugonjwa unaofanana mno na skleroderma.

Kuhusu viyeyushi, taarifa za mgonjwa mmojammoja zilikuwepo tangu miaka ya 1950, lakini mgonjwa mmoja si ushahidi. Kilichofuata ni tafiti za kulinganisha: chukua wenye ugonjwa, chukua wasio nao wa umri na jinsia ileile, wote waulize maisha yao ya kazi. Njia hii ina mtego. Mtu anayeumwa hukumbuka zaidi. Amelala kitandani miezi, amepekua kila kopo alilowahi kulishika. Mzima hakumbuki hata alikuwa anafanya nini mwaka juzi. Tafiti makini ziliukwepa mtego huo kwa kumpa mtaalamu wa viwanda orodha ya kazi tu, bila kumwambia nani mgonjwa, akadirie yeye nani alikutana na nini.

Mwaka 2012 watafiti walikusanya tafiti 33 za viyeyushi na magonjwa ya kinga kujishambulia, wakazipima kwa pamoja. Kwa skleroderma, uwezekano kwa waliokutana na viyeyushi ulikuwa kama mara mbili na nusu ya wengine. Mwaka huohuo jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi ya afya ya mazingira ya serikali ya Marekani lilitamka kwamba lina uhakika viyeyushi vinachangia skleroderma. Uhakika kama huo haukutolewa kwa lupasi. Kwa hiyo ndugu yangu mwenye lupasi aliyewahi kupaka kucha saluni asibebeshwe hukumu ambayo sayansi haijaitoa.

Kuna wanaosema wanasayansi wakitafuta ubaya wa kemikali lazima waupate. Si kweli, na mfano mzuri ni silikoni ya matiti. Miaka ya 1990 wanawake maelfu Marekani waliamini vipandikizi vimewaletea magonjwa haya haya ya tishu unganishi. Kesi zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1995 kampuni ya Dow Corning iliomba kinga ya kufilisika. Tafiti zikafanywa, na mwaka 1999 jopo la taasisi ya tiba ya Marekani likahitimisha kwamba ushahidi wa kuvihusisha vipandikizi na magonjwa hayo haupo. Ungo uleule uliowaacha viyeyushi juu ulipitisha silikoni chini.

Mbona mzee amepaka rangi miaka thelathini?

Hili ndilo pingamizi linalotajwa kwenye kila karakana, na mtajwa huwa ameketi palepale anacheka.

Tuhesabu. Skleroderma ni ugonjwa adimu. Makadirio ya jumla ni kama watu 2 katika kila 10,000. Ukizidisha kwa mbili na nusu unapata 5. Jaza uwanja kwa wapaka rangi 10,000: ugonjwa utawapata watano, na 9,995 watarudi nyumbani bila kuusikia. Mzee wako ni mmoja wa hao 9,995. Hajathibitisha kwamba thina ni salama, kama vile aliyevuka barabara ya Morogoro kwa miguu miaka thelathini hajathibitisha kwamba magari hayagongi.

Sasa waangalie wale watano, kwa sababu hapo ndipo fundo lilipo. Wawili kati yao wangeugua hata kama wangekuwa wauza maua. Ndiyo idadi ya kawaida ya watu 10,000 wowote. Watatu ni wa ziada, ni wa thina. Lakini yupi ni yupi? Ngozi zao zinakaza sawasawa. Kingamwili kwenye damu zao hazina lebo ya kiwandani. Kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoulenga mwili wenyewe, na ambacho siku hizi watu wanakitaja kama kipimo cha malaria, kitaonyesha tu kwamba kinga imechafuka, na kinaweza kuonyesha hivyo hata kwa mtu mzima wa afya. Daktari akiwatazama wote watano anaweza kusema kwa haki kwamba kila mmoja ana nafasi tatu kati ya tano za kuwa mhanga wa kazi yake. Zaidi ya hapo hawezi kusema kitu.

Kwa hiyo swali la pili linabaki bila jibu la maabara. Linaweza, hata hivyo, kupata jibu la sheria, na hivyo ndivyo Wamarekani walivyofanya kwa Camp Lejeune. Hii ni kambi ya wanamaji, North Carolina. Kati ya mwaka 1953 na 1987 visima vyake viliingiliwa na trikloroethilini, na pia perikloroethilini iliyotoka kwenye drai klina iliyokuwa nje ya uzio. Familia zilikunywa, zikaoga, zikapikia. Mwaka 2012 rais Obama alisaini sheria yenye orodha ya magonjwa 15, skleroderma ikiwemo, ambayo waliokaa kambini siku 30 au zaidi watatibiwa kwa gharama za serikali. Sheria yenyewe inasema matibabu yatolewe hata kama ushahidi wa kitabibu hautoshi kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na maji yale. Yaani bunge lilikubali kwamba wale watatu hawawezi kutenganishwa na wale wawili, likaamua kuwatibu wote watano. Unaweza kuuona huo ukarimu au woga wa kesi. Mimi naona ni hesabu ya uaminifu.

Kwetu mlango upo lakini ni mwembamba. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake unachangiwa na waajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kenya ina sheria yake ya fidia ya mwaka 2007. Zote zinatambua magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali tu. Shida ni kwamba ugonjwa huu unachukua miaka kujitokeza, na deiwaka aliyepuliza rangi kwenye karakana sita tofauti hana karatasi hata moja inayoonyesha alipokuwa.

Turudi kwenye pakiti

Maziwa yanapita kooni kwenda tumboni. Mvuke wa thina unapita puani kwenda mapafuni, na kutoka hapo unaingia kwenye damu kabla hujamaliza kupuliza mguu mmoja wa kitanda. Hawa wawili hawakutani njiani. Maziwa ni chakula kizuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba mwajiri anayegawa pakiti anajiona amemaliza wajibu wake kwa bei ya pakiti. Na kama mtoto amekunywa thina au mafuta ya taa kwa bahati mbaya, usimmiminie maziwa wala usimtapishe. Kikirudi juu kinaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo kinapoua. Mkimbize hospitali na kopo lake.

Barakoa ya kitambaa nayo ni ya vumbi. Kama bado unasikia harufu ya thina ukiwa umeivaa, basi thina inaingia. Mvuke unahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa maalumu, na vichujio hivyo vinajaa, vinabadilishwa. Lakini usiamini pua kwa kinyume chake. Pua huchoka. Baada ya muda mfupi kwenye karakana huisikii tena harufu, ilhali mgeni akiingia anakohoa. Anayesema "mimi nimeshazoea" amezoea pua yake tu.

Mvuke huu mwingi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji yasiyoonekana na kutuama kwenye shimo la gereji, au kwenye kona ambako kijana wa kazi ametandika mkeka wake wa usiku. Kupuliza nje, au kufungua milango miwili inayotazamana upepo upite, kunasaidia kuliko maziwa ya ng'ombe zizi zima.

Kisha mikono. Thina inaondoa rangi mkononi kwa sababu inayeyusha mafuta, na ngozi yako imeundwa kwa mafuta pia. Unaponawa nayo unabomoa ukuta na kumpitisha aliyeubomoa. Mafuta kidogo ya kupikia yakisuguliwa vizuri, kisha sabuni na maji, yanatoa rangi ya mafuta ikiwa bado haijakauka. Glavu nyembamba za hospitali zinalegea zikikutana na thina, kwa hiyo usizitegemee.

Kwa ambaye tayari vidole vinapauka na ngozi inavuta, nina onyo moja ninalolisisitiza kuliko yote hapo juu: usijinunulie prednisolone dukani. Inapunguza maumivu haraka na watu wanaisifia, lakini kwa mgonjwa wa skleroderma dozi kubwa inaweza kuchochea shinikizo la damu la ghafla linaloharibu figo kwa siku chache. Zamani dharura hiyo ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Tangu miaka ya 1980 dawa za jamii ya captopril zimewaokoa wengi, ila ni kwa wanaofika mapema. Pima presha mara kwa mara.

Ukienda kwa daktari, nenda na daftari. Mwaka gani hadi mwaka gani, karakana ipi, kazi gani hasa, kopo gani. Piga picha lebo za makopo kwa simu yako leo, kabla kopo halijauzwa kwa muuza mafuta ya kupima. Andika pia majina ya mliofanya nao kazi, kwa kuwa miaka kumi ijayo wao ndio watakaokuwa mashahidi wako. Madaktari wetu wana foleni ndefu na wengi hawataliuliza swali la kazi. Lijibu bila kuulizwa.

Yote haya nilimweleza yule fundi wa Keko tukiwa tumesimama nje, kwa sababu ndani macho yalikuwa yananiwasha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama pakiti iliyokuwa bado mkononi.

"Basi haya nitachemshia chai," alisema, akaenda kufungua mlango wa nyuma.